Palisikika Nini Hapa

Kwenye wasifu wa marehemu uliosomwa pale Ikinga, kijijini kwake, mwaka ule wote ulichukua maneno manne: pia aliwahi kufanya redio. Aliyesoma alikuwa mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri, na alisoma haraka kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza kuteremka kutoka milimani na waombolezaji walikuwa wanatazama mawingu zaidi kuliko jeneza. Alizaliwa, akasoma, akafundisha shule nne za msingi za Ileje na Mbozi, akastaafu, pia aliwahi kufanya redio, akaugua, akalala. Tukamzika Mwalimu Kibona kwenye udongo mwekundu uliokuwa unateleza, tukarudi nyumbani kwake tukiwa na matope hadi magotini, na mimi nikaingia jikoni kusaidia kumenya viazi, maana sikutaka kukaa turubaini na watu nisiowajua. Jikoni kulikuwa na moshi na joto zuri. Mama mmoja aliyekuwa anachochea moto akauliza, "Redio gani hiyo aliyofanya?" Mwenzake akajibu, "Huko Tunduma. Alikuwa anasoma taarifa ya habari." Nikasema hapana, hakuwahi kusoma taarifa ya habari hata siku moja. Wote wakanigeukia. "Basi alikuwa anafanya nini?" Nilikuwa na kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine, na nikaona kwamba sijui nianzie wapi. Nikasema, "Alikuwa anasikiliza." Wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba, wakarudi kwenye sufuria zao. Nimekuwa nikiwajibu tangu siku ile, kichwani, na sasa nawajibu kwa maandishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Tunduma ilikuwa Mbeya, na sisi wa mpakani tulijiona wa Mbeya kwa karatasi tu, maana maisha yetu yalikuwa yanavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi mara nyingi kwa siku. Nilikuwa nauza vitenge kwenye meza moja karibu na barabara kuu, mahali ambapo malori yalikuwa yanapanga foleni ndefu kiasi kwamba madereva walikuwa wananunua, wanakula, wanafua na kuanika nguo bila kusogea hatua. Nafasi ya meza ile nilipewa na Kaka Yona, mzee wa kanisa letu, mtu aliyekuwa na vibanda kadhaa na moyo wa kusaidia vijana wa kanisani. Siku moja alisimama mbele yangu mama mfupi, mwenye koti la sufu na miwani iliyofungwa kwa uzi, akakaa muda mrefu bila kushika kitenge chochote. Nilikuwa nabishana bei na wanawake wawili wa Zambia kwa Kibemba. Wakaondoka na vipande vyao, wakaniambia natotela, yaani asante, nikageuka kumjibu bibi mmoja kwa Kinyamwanga kwamba rangi ile haichuji. Ndipo yule mama, ambaye nilikuja kumjua kama Mwalimu Kibona, akanisogelea. "Binti, una lugha ngapi?" Nikamwambia sijawahi kuhesabu. "Hesabu." Nikahesabu kwa vidole: Kinyamwanga, Kibemba, Kiswahili. "Na Kiingereza nusu, mama." Akasema, "Nusu hiyo iache. Hizo tatu njoo nazo Jumatatu," akanielekeza kwenye jengo lenye duka la magodoro, ghorofa ya juu.

Chumba cha redio kilikuwa kidogo kuliko jiko la bibi yangu. Kuta zilikuwa zimegandishwa trei za mayai na vipande vya sponji kutoka duka la chini, na ukiingia masikio yako yalikuwa yanaziba kama umezama majini, halafu taratibu unaanza kusikia vitu ambavyo hujawahi kuvisikia: mate yako, saa ya mwenzako, tumbo. Mitambo ilikuwa chini ya Hamisi, fundi aliyetokea Tanga, mpole, ambaye alikuwa anaswali kwenye kona ya chumba kile na kusema hapo ndipo mahali pekee Tunduma ambapo Mungu hapigiwi honi. Saa saba tulikuwa tunakula pamoja kwenye sinia moja, sakafuni, kati ya nyaya. Mara nyingi ilikuwa ugali na dagaa wa Zambia, na siku ya furaha chikanda, ile mizizi ya porini inayosagwa, ikapikwa na karanga hadi ikashikana, ikakatwa vipande kama keki. Mwalimu Kibona alikuwa anakula polepole na kututaka tueleze tulichosikia njiani asubuhi. Si tulichoona. Ukianza na "Nimemwona mtu" alikuwa anainua kidole. "Ulisikia nini?" Wiki ya kwanza nilidhani ana matatizo. Wiki ya tatu nilikuwa najua, nikiwa bado kitandani, foleni ya malori imefika wapi, kwa kusikia breki zake tu.

Kipindi chake kilikuwa kinaitwa Palisikika Nini Hapa, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa anachagua sehemu moja ya mji, anakwenda na kinasa sauti chake cha kaseti ndani ya mfuko wa shule, na anawauliza wenyeji swali hilohilo. Aliamini kwamba ukimuuliza mtu mzima habari za zamani atakupa alichofundishwa kusema, majina ya viongozi na miaka ya njaa, lakini ukimuuliza palisikika nini lazima arudi mwenyewe asimame pale. Na kweli walikuwa wanarudi. Mzee mmoja wa karibu na stesheni, aliyekuwa mkali na hataki kuongea, aliposikia swali lile alijaza mashavu upepo na kutoa honi ya treni ya kwanza aliyoisikia maishani, ndefu, yenye kupanda na kushuka, na akasema yeye na wenzake waliacha ng'ombe wakakimbilia vichakani. Mama mmoja wa familia ya wafugaji, aliyehamia na watu wake bondeni Momba na kuja mjini kuuza maziwa, alitupigia miluzi saba tofauti, na kila mmoja ulikuwa unaita ng'ombe wa aina yake. Tulimrekodi mwashi, muuza chumvi, mganga aliyestaafu, na mpiga kengele wa kanisa ambaye alikuwa anajua, kwa sauti ya kengele tu, kama aliyeshika kamba ana huzuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri kwa wale ambao Kiswahili kilikuwa kinawabana. Mwalimu alikuwa Mndali, Kinyamwanga hakukijua. Nilikuwa nakaa katikati yao, namgeuzia huyu maneno ya yule, na baadaye studioni Hamisi alikuwa ananirekodi nikisema Kiswahili juu ya sauti ya mwenyewe. Juu kidogo tu. Mwalimu alikuwa hakubali sauti ya mtu izimwe. "Mpunguze, usimfute," alikuwa anamwambia Hamisi. "Ni mdomo wake huo." Kwa hiyo redioni ulikuwa unanisikia mimi, na chini yangu, kama mtu anayeongea chumba cha pili, ulikuwa unamsikia mwenye maneno.

Alikuwa na desturi moja zaidi ambayo mwanzoni ilinichosha. Mazungumzo yakiisha alikuwa hazimi kinasa sauti. Alikuwa anatuomba wote tunyamaze dakika nzima, arekodi chumba kikiwa kimya, kwa sababu Hamisi alihitaji kimya hicho cha kuunganishia vipande. Kila chumba, alisema, kina kimya chake. Niligundua baadaye kwamba dakika ile ilikuwa na faida nyingine ambayo hakuitaja. Mtu akishaamini maswali yameisha, na watu wamekaa naye bila kumdai neno, ndipo neno lenyewe linapokuja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bibi Namukonda. Alikuwa anaishi mtaa wa Maporomoko, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili na ukuta wa jikoni mweusi kama makaa. Alikuwa mama yake Kaka Yona. Mji mzima ulikuwa unaijua habari ya familia ile: baba yao alikuwa kibarua wa reli enzi za kupasua miamba, akafa kazini, na mjane akawalea watoto watano kwa kuwapikia vibarua waliofanya kazi na marehemu. Kaka Yona alikuwa anaitaja kanisani kila alipopata nafasi, na alikuwa anaitaja vizuri. Bibi alitukaribisha na togwa, akatuambia kwa Kinyamwanga jinsi alivyokuwa anasonga ugali wa watu arobaini kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na jinsi baruti ilivyokuwa ikilipuka sufuria zinagongana zenyewe. Mimi nikatafsiri, Mwalimu akacheka, mambo yakawa mazuri. Kisha Mwalimu akashukuru na kuomba kimya cha chumba. Tukanyamaza. Kuku alipita. Labda nusu dakika ilikuwa imepita, Bibi Namukonda akasema, bila kututazama, kama anayejibu swali ambalo ndiyo kwanza limemfikia:

"Kilichosikika hapa ni mimi. Mume wangu alikuwa ananipiga hapo mlangoni, mchana, watu wakila chakula changu. Nilikuwa nalia kwa sauti. Wote walisikia. Siku moja nikamwambia toka, akatoka, akavuka mpaka. Hakufa relini. Hayo ya kufa walisema watu, mimi sijawahi kuyasema."

Mwalimu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeshabadilika, ingawa hakuwa ameelewa neno hata moja. "Anasemaje?"

Nimejiuliza miaka yote hii nilifikiri nini katika ule muda mfupi, na ukweli ni kwamba nilifikiri mambo mengi madogo. Nilimfikiria Kaka Yona amesimama kanisani. Niliifikiria meza yangu ya vitenge. Nilifikiria kwamba mambo ya mume na mke hayasemwi mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe amebeba mashine. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la Bibi. Yote yalikuwa yangu. Nikasema, "Anasema hapa palikuwa na kelele nyingi za kazi. Mume wake aliumia sana kwa ajili ya reli, na siku moja hakurudi." Mwalimu alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akaandika kwenye daftari lake. Jioni yake nikarudia maneno yale studioni, vizuri, kwa sauti ya huzuni niliyokuwa nimejifunza, na Hamisi akasema nimeendelea sana.

Jumamosi kipindi kikaenda hewani, na simu zikaanza kupiga kabla hakijaisha. Mwalimu alikuwa anazipokea moja kwa moja. Mtu wa Nanyala alisema ametokwa machozi, mashujaa wa reli wamesahauliwa. Mwingine, dereva, alisema kila akipita pale sasa atapiga honi kwa heshima ya mzee yule. Simu ya nne ilianza na kelele za kuku, kisha sauti ya mwanamke mzee, kwa Kinyamwanga. Alikuwa Bibi Namukonda, kwa simu ya mjukuu. "Mimi ndiye niliyeongea," alisema. "Nimejisikia huko chini, na nimemsikia binti juu yangu. Mjukuu amenieleza alichosema. Si hayo niliyoyasema. Binti, yaseme." Mwalimu akaninyooshea mkono, nitafsiri, kipindi kiko hewani, mji mzima unasikiliza. Mdomo wangu ukafunguka na kusema, "Ni Bibi Namukonda mwenyewe. Anashukuru sana kwa kipindi." Simu ikakatika.

Hamisi akaweka wimbo. Mwalimu akavua visikizio polepole, akaviweka mezani, na kunigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Tabitha," akasema. "Mimi sijui Kinyamwanga. Lakini nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili, na nimewasikia wakishukuru. Shukrani haina sauti ile. Amesema nini?"

Nikamwambia. Nilianza na simu, nikarudi nyuma hadi kwenye kimya cha chumba, nikamwambia yote, hata wale watu waliokuwa wanakula wakati yule mama anapigwa. Hamisi alikuwa ameinamia mitambo yake kana kwamba hayupo. Nilingoja Mwalimu aniambie niondoke. Badala yake akauliza kwa nini, na nilipomtajia Yona na meza, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonyeshwa hesabu na kuona mahali ilipokosewa. "Na mimi nilikuona," akasema. "Siku ile ile. Yeye aliongea muda mrefu na wewe ukanipa sentensi mbili. Niliona, nikaandika, nikanyamaza, kwa sababu kipindi kilikuwa kimekuwa kizuri." Nilikuja kuishi na watu wengi wenye vyeo baada ya mwaka ule, na nimefanya kazi chini ya baadhi yao. Sijakutana na mwingine ambaye, akiwa na mkosaji mbele yake, ataanza kutafuta sehemu yake mwenyewe ya kosa na kuiokota kwanza. Akachukua koti lake. "Twende kwake sasa hivi. Usipange la kusema njiani."

Bibi Namukonda alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Nikapiga magoti, nikamwamkia, na nikamwambia kwamba nilibadilisha maneno yake, na kwamba nilirudia kuyabadilisha kwenye simu. Akaniuliza swali lile lile, kwa nini. Nikasema niliona haya. "Haya ya nani?" Kisha akasema kitu ambacho sikupamba nilipomgeuzia Mwalimu: siku zile alipokuwa analia, alikuwa anadhani watu hawaji kwa sababu hawajasikia vizuri, kwa hiyo alikuwa anaongeza sauti. "Leo nimekwenda redioni ambako hata Mbozi wanasikia, na bado sikusikika." Mwalimu akakaa chini, kwenye vumbi, na koti lake zuri. Akamwambia kupitia kwangu kwamba kosa ni la kipindi na yeye ndiye mwenye kipindi. Akamuuliza anataka nini kifanyike. Hakumshauri, na hakumwambia itakuwa vizuri akisema. Bibi akafikiri. Akasema anataka kwenda mwenyewe, akae kwenye hicho chumba, aseme sentensi moja, binti aiseme, ndipo aseme nyingine. "Na mjukuu wangu anayejua Kiswahili akae nyumbani asikilize. Akinipigia kuniambia binti amekosea, tunaanza upya."

Habari zikamfikia Kaka Yona kabla ya Jumatano. Alipanda ngazi zetu akihema, akiwa na suti, akakataa kiti. Alituambia kwa adabu kwamba mama yake ni mzee na anachanganya mambo, na kwamba watoto wake na kanisa lake hawatajua waweke wapi nyuso zao. Akanigeukia. "Wewe ni binti wa kanisani kwetu, Tabitha. Ulifanya vizuri mara ya kwanza." Nakiri kwamba maneno yale yalinipa faraja, na kwamba faraja ile ilinichukiza. Mwalimu alimsikiliza hadi akamaliza kabisa, akamwachia hata na kimya baada yake. Kisha akasema, "Baba, sauti si yangu nikupe, wala si yako uizuie. Mama yuko nyumbani. Muulize yeye." Yona akasema ameshamuuliza. "Amejibuje?" Yule mwanaume mkubwa akatazama trei za mayai ukutani. "Amesema nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa nimeshika nguo yake." Akashuka ngazi. Kesho yake meza yangu ya vitenge nilikuta imesogezwa ukutani na mahali pake kuna mtu mwingine anauza viatu. Sikwenda kuuliza.

Jumamosi Bibi alikuja na kitenge kipya na viatu vya mpira, akashikwa mkono na Hamisi ngazi zote. Kabla taa nyekundu haijawaka, Mwalimu alinivuta pembeni. "Leo usiseme 'anasema'. Ukisema 'anasema' unasimama mbali naye, na wasikilizaji wanasimama na wewe. Yeye akisema mimi, wewe sema mimi." Kisha akafungua kipindi kwa kueleza, kwa maneno machache na bila kunitaja jina, kwamba wiki iliyopita redio ilisema ambacho mgeni wake hakusema, kwamba yeye Kibona alikaa mbele ya mtu ambaye lugha yake haijui, akaridhika haraka, na kwamba anaomba radhi. Akamgeukia Bibi na kuuliza palisikika nini. Bibi akasema sentensi yake ya kwanza, akanitazama, akangoja. Nikasema, "Kilichosikika pale ni mimi." Akasema ya pili. Nikasema, "Mume wangu alikuwa ananipiga mlangoni, mchana, watu wakila chakula nilichokipika." Sentensi baada ya sentensi, saa nzima, kwa mdomo wangu nilipigwa, nikalia, nikaongeza sauti, nikamtoa mwanaume nyumbani, nikapika kesho yake kama kawaida kwa sababu watu arobaini walikuwa na njaa. Nilikuwa sijawahi kuolewa wala kupigwa na mwanaume. Nilitoka mle nikiwa mtu mwingine, na hata sasa nikikaa kwenye mikutano ninakokalimani, huwa siwezi kusema "anasema". Mjukuu hakupiga simu. Hakuna aliyepiga. Simu ile ambayo kila Jumamosi ilikuwa haipumziki ilikaa kimya hadi Hamisi akainyanyua kuhakikisha ni nzima.

Kaka Yona alikaa miezi kadhaa bila kufika kwa mama yake. Krismasi ilipokaribia alikuja na mafundi wawili, akaezua paa la jikoni lililokuwa linavuja, akaweka mabati mapya, akala alichopikiwa na kuondoka bila kugusia jambo. Bibi alituambia kwamba kwake hiyo ilitosha. Kanisani hakuitaja tena habari ya reli. Kipindi kiliishi hadi mwaka ulipokwisha, kisha mwenye redio akabadilisha mipango, ukawekwa muziki, na Mwalimu akarudi Ileje kumuuguza dada yake. Kaseti alizihifadhi Hamisi, na Hamisi nilimkuta msibani, mvi zimemjaa, akaniambia mvua ya msimu mmoja iliingia kwenye boksi na kuzila zote. Alisema hivyo kwa aibu, kama aliyefiwa mara mbili. Nikamwambia sina shida, nazikumbuka. Zile nisizozikumbuka zimekwenda.

Lakini Jumatano iliyofuata baada ya kipindi kile cha Bibi Namukonda nilikuwepo. Mwalimu na mimi tulikuwa tumempelekea Bibi nakala yake ya kaseti, na tulikuwa tumekaa chumbani kwake, yeye akichambua maharage kwenye ungo. Akaingia jirani yake, Bibi Eliza, wa nyumba ya tatu kutoka pale, ambaye walikuwa wamezeeka pamoja, wakizikiana wafu na kuchoteana maji miaka yote. Hakutuamkia. Akakaa chini karibu na mlango, stuli ikiwepo. Mwalimu alikuwa na kinasa sauti ndani ya mfuko mapajani, na niliuona mkono wake ukitoka kwenye mfuko bila kukiwasha na kulala gotini. Bibi Eliza akaanza kuongea kwa Kinyamwanga, akitazama sakafu.

"Siku zile nilikuwa natwanga," alisema. "Nikikusikia, nilikuwa natwanga kwa nguvu, nisikusikie. Siku nyingine kinu kilikuwa hakina kitu."

Bibi Namukonda aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa nje, akatoa kingine.

"Nilikuwa nausikia mchi wako," akasema mwishoni. "Nilikuwa nasema, Eliza yupo nyumbani. Atakuja."

Bibi Eliza akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akajifuta, akajivuta sakafuni hadi alipofika kando ya mwenzake.

"Nimekuja," akasema.

Bibi Namukonda alimtazama. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Akausogeza ungo hadi ukawa katikati yao, na wakaanza kuchambua wote wawili, mikono minne, maharage yakilia kama mvua ndogo. Mwalimu Kibona aliniinamia na kuniuliza kwa kunong'ona wamesema nini, na nikamwambia, "Siku zile nilikuwa natwanga," nikaendelea hivyo, bila kuruka kitu, hadi mwisho.